Kadi za Bibi Tusiyemjua

Siku hizi marehemu wanapokea simu, mradi kompyuta za watu ziendelee kuwapigia hesabu; hesabu ikipungua, husema polepole. Kila nyumba hubeba marehemu wa wengine, si wake, tena kwa hiari tu. Sisi hapa Tukuyu tumepewa bibi tusiyemjua. Joto la kadi mbili za grafiki zinazompigia hesabu ndani ya kompyuta yetu hutukaushia soksi na kuumua unga wa maandazi.

Leo Ambokile, mume wangu, amemchomekea ya tatu.

"Na hao wanaomtunza mama yako wamfanyie hivihivi," akasema.

Nje ukungu ulikuwa umelala kwenye migomba. Nikampigia mama, mwaka wa nne sasa tangu tumzike.

"Sekela mwanangu," akajibu polepole, "mbona huku kumekuwa na baridi?"

Nikamwambia ajifunike. Kiganja changu kilikuwa juu ya kadi za yule bibi, zenye joto kama mkate uliotoka jikoni.