Viatu vya Alhamisi

"Mama Duka, ni mwanamume gani huyo anayevua viatu mlangoni kwako kila Alhamisi?"

Jirani aliuliza swali hilo miezi miwili iliyopita, vibanio vya nguo vikiwa mdomoni. Kazi yake ilikuwa kuwafulia watu nguo, na kamba yake ya kuanikia ilitazamana na mlango wa Mama Duka. Mama Duka alikuwa anamwaga maji ya beseni uani. Alicheka kidogo, akasema, "Mgeni wangu," akarudi ndani.

Jibu hilo halikumtosha jirani. Kabla wiki haijaisha habari ilikuwa imemfikia Bwana Misumari dukani kwake, na kabla ya mwezi kwisha ikawa kesi.

Sasa jirani alisimama mbele ya hakimu, amevaa nguo yake ya ibada. Mama Duka alikaa peke yake kwenye benchi la kushoto. Upande wa kulia alikaa aliyekuwa mumewe, Bwana Misumari, amevaa suti mpya. Nyuma yake alikuwa mama yake mzazi, bibi mnene aliyefika mapema kuliko wote, gauni limefika sakafuni na midomo inachezacheza kama anayeomba.

Miaka ishirini na sita Mama Duka alisimama kwenye duka la vifaa vya ujenzi, akipima misumari na kusukuma saruji bila mshahara, kwa sababu duka lilikuwa "letu". Siku ya talaka likawa "langu". Mahakama ikaamuru Bwana Misumari ampe matunzo kila mwezi mpaka mwisho wa maisha yake, ila tu akiolewa au akiishi kinyumba na mwanamume mwingine. Bwana Misumari alitoka siku ile amefura. Akawapiga marufuku ndugu zake wote, wa kuzaliwa na wa kuoa, wasikanyage kwa mwanamke yule. Kisha akakaa kungojea mwanamume atokee. Alingoja miaka mitatu. Sasa ametokea, au angalau viatu vyake.

"Huyo mwanamume umemwona kwa macho?" hakimu aliuliza.

"Sijamwona, mheshimiwa. Asubuhi nakwenda kuchukua nguo za watu. Nikirudi, viatu vipo mlangoni. Alasiri nakwenda kurudisha nguo, naviacha pale pale. Nikirudi, havipo."

"Ni viatu vya namna gani?"

"Vya kiume. Vyeusi, vikubwa kama masanduku. Havina kamba, na visigino vimekanyagwa. Mtu anayevaa viatu vya kuchomoka haraka hivyo, mheshimiwa, ana mambo yake."

Watu wakacheka. Karani akakohoa mpaka wakanyamaza.

"Na umesikia nini?"

Jirani aliinamisha macho. "Naona haya kusema."

"Sema."

"Nilisikia mtu anaguna kwa sauti nzito. Anasema, 'Hapo hapo. Kaza kidogo. Usiache.' Na huyu mama anacheka."

Bwana Misumari aligeuka nyuma. "Umesikia, mama?"

"Nimesikia," alisema bibi, akajifunika uso kwa leso. Mabega yakamtikisika.

"Mnaona mnavyomliza mama yangu," Bwana Misumari alimwambia hakimu. "Mimi sina chuki. Mtu kapata wake, nampa hongera. Lakini mwanamume mwenye miguu mikubwa hivyo anashindwaje kumlisha mwanamke mmoja? Mimi hapa namtunza mama yangu, hakosi kitu."

Hakimu alimgeukia Mama Duka. "Kuna mtu anakuja kwako Alhamisi?"

"Yupo, mheshimiwa."

"Anakula kwako?"

"Anakula. Akishiba analala kidogo."

"Ni mume wako?"

"Hapana."

"Basi ni nani?"

"Nilimwahidi sitamtaja. Ana watu wake nyumbani. Wakijua, hatapumua."

"Kumbe mume wa mtu," jirani alinong'ona, kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni.

Hakimu alivua miwani. "Mama, haya matunzo ndiyo kodi yako ya nyumba?"

"Ndiyo kodi na ndiyo chakula. Mgongo wangu uliishia kwenye mifuko ya saruji. Kazi nyingine siiwezi."

"Basi sikiliza. Nakuuliza mara ya mwisho. Usipomtaja mtu huyo, nitaamini ni mwanamume unayeishi naye, na amri ya matunzo naifuta leo."

Mama Duka aliinua kichwa, macho yana maji.

"Ifute, mheshimiwa. Mimi niliapa kwa Mungu."

Hakimu akafungua kalamu. Bwana Misumari akanyoosha tai yake.

Benchi la nyuma likalia.

"Usiandike kwanza, baba hakimu."

Bibi alikuwa amesimama, mkono mmoja umeegemea bega la mwanawe. Kwa mkono mwingine alipandisha gauni kidogo tu, mpaka kwenye vifundo vya miguu. Miguu yake ilikuwa imevimba kama mikate, na ilikuwa ndani ya viatu vyeusi vya kiume visivyo na kamba.

"Ni vya marehemu mume wangu," alisema. "Vyangu havinienei tena, na ninakokaa hakuna mwenye nafasi ya kunikanda."

Akamtazama mwanawe.

"Ulinikataza kwenda kwake, mwanangu. Miguu ndiyo haikukusikia."

Akashika njia katikati ya mabenchi, taratibu, akatoka bila kuongeza neno.