Mlinzi Aliyeruka Beseni

Mlangoni pa banda la nguruwe palikuwa na beseni la dawa ya kuua virusi, na Mbwa aliyelilinda hakumwonea yeyote haya: Bata akanyage dawa kabla ya kuingia, Paka akanyage. Yeye mwenyewe aliliruka. "Mimi ndiye mlinzi," alisema, akaenda banda jirani kuhani msiba wa watoto wa nguruwe waliokufa kwa kuhara, akarudi na miguu ileile.

Siku ya nne tangu arudi, Nguruwe Sikudhani hakubakiwa na mtoto hata mmoja kati ya tisa. Mbwa akaliruka beseni, akaingia kichwa chini. "Pole, mama."

"Ulikwenda kutoa pole kwa jirani, ukaniletea kifo!" Sikudhani alifoka. "Bata ulimzuia kwa tope la ukuchani, wewe ukaruka! Wangu wamekwisha. Lakini leo utakanyaga dawa ndipo utoke. Kuna banda jingine ambalo watoto wake bado wazima."