Uzito Tunaouacha Getini

Kwenye geti la ufukwe tunaacha uzito wetu, kama viatu vinavyoachwa mlangoni mwa msikiti. Tukishauacha tunapita juu ya mchanga bila kuukandamiza, na ndiyo maana kaa wamerudi, na kasa wanataga palepale tulipokuwa tukitupa chupa. Kila Jumapili mji mzima unaelea pale taratibu, watu wakicheka, kanga zikipepea.

Mwanangu Saumu, wa miaka saba, hapendi kuondoka.

Wakati wa kutoka, mlinzi hutukabidhi uzito wetu. Wangu hunirudia papo hapo, magotini na kiunoni. Wa Saumu siku hizi unachelewa.

"Watoto ndivyo walivyo, mama," mlinzi aliniambia Jumapili iliyopita. "Mpe chakula ashibe, uzito utamrudia tu."

Hapo nje nikamnunulia mihogo ya kukaanga. Akaila yote, na pilipili yake.

Tulipofika nyumbani akapitiwa na usingizi. Alasiri nikaingia kumtazama. Alikuwa amelala chali kitandani, mikono ameitanua, na godoro chini yake halikuwa limebonyea hata kidogo.

"Saumu, umelala?"

"Bado naelea, mama," akasema, macho kayafumba, anatabasamu.

Nikamnyanyua kwa vidole tu. Nikambeba mgongoni kwa kanga, mtoto mkubwa vile. Mama yangu alikuwa akikaza fundo ili nisidondoke. Mimi nililikaza mara mbili, kisha, pamoja na joto lote lile, nikazunguka nyumba nzima nikifunga madirisha.