Kivuli Kinapokoma

“Si shinani,” alisema Bibi Semeni. “Shina halinywi. Mizizi inayonywa iko kule, kivuli kinapokoma.”

Mwanne aliinua ndoo tena. Kivuli cha mzambarau kilikoma chini ya ukuta wa ua, upande wa uchochoroni. Akamwaga maji pale, polepole, kama alivyoagizwa, kisha akarudi kisimani. Mama mkwe wake alikaa kwenye kigoda barazani, akiangalia kila tone.

Mvua za mwaka ule hazikunyesha Tabora. Kila wiki kamba ya kisima ilishuka mbali zaidi. Wao wawili walioga kwa kopo; mti ulipewa ndoo.

Ukuta ulikuwa wa matofali mabichi yaliyokaushwa juani, mrefu kuliko mtu aliyepanda mabegani mwa mwenzake. Ulijengwa mwaka ambao Bibi Semeni aliletwa nyumba ile akiwa bibi harusi, enzi za Wajerumani. Sasa walitawala Waingereza, mume wa Bibi alikuwa kaburini, na ufunguo wa mlango mkubwa aliurithi mwanawe, Ghalibu. Kila asubuhi Ghalibu alifunga kwa nje, akaenda dukani. Wanawake wa nyumba nyingine za mtaa wa Kanyenye walikwenda harusini na msibani. Wa nyumba hii hawakwenda popote.

Mwanzoni mwa kiangazi abiria mmoja wa treni alikuwa ameleta salamu dukani: mama yake Mwanne, huko Ujiji, amepooza upande mmoja na anamwita bintiye. Ghalibu alimpa mkewe habari hiyo wakati wa chakula.

“Utamwombea dua,” alisema. “Ukienda Ujiji hurudi.”

Siku iliyofuata Mwanne aliitazama ngazi iliyoegemezwa jikoni. Hakuigusa. Jioni Ghalibu alimuuliza, kama alivyomuuliza kila jioni, “Leo mmefanya nini?” naye akababaika. Kulipokucha ngazi ilipasuliwa kuni, na tawi kubwa la mzambarau lililovuka ukuta likakatwa.

“Uso wako ni kioo, mwanangu,” Bibi Semeni alimwambia. “Lililo moyoni mwako Ghalibu analiona kabla hujafungua mdomo.”

Mwanne aliyapokea maneno hayo kama mfungwa anavyopokea onyo la askari.

Tawi lilikuwa limekatwa wakati mbaya. Shina lililozoea kivuli lilipigwa na jua, gome likaanza kupasuka, majani yakapukutika. Jambo hilo lilimtia Ghalibu wasiwasi. Mti aliupanda babu yake, na bila kivuli chake nyumba ingekuwa tanuri.

“Umeujeruhi,” mama yake alimwambia. “Niachie niuuguze. Niletee chokaa, shina lisiungue. Na huyu mkeo ana mikono, ateke maji.”

“Mpe kazi,” alisema Ghalibu. “Asiye na kazi hufikiria safari.”

Ndivyo kazi ilivyoanza. Mwanne alilipaka shina chokaa. Iliyobaki, Bibi Semeni aliamuru ipakwe chini ya ukuta, unyevu ulipokuwa umefanya madoa. Majani makavu nayo aliamuru yalundikwe hapo hapo, ili jua lisiyanyang'anye maji. Ijumaa Ghalibu aliukagua ua, akasifu usafi wake.

“Mama, upande wa jikoni majani yanazidi kukauka,” Mwanne alisema siku moja. “Nimwage na huko kidogo?”

“Huko usimwage.”

“Na mizizi ya huko?”

“Mbuzi akinywa kwa mdomo, mkia nao unapata. Teka maji.”

Mwanne aliteka. Viganja vyake vilichubuka, kisha vikaota sugu. Alimchukia mwanamke yule kwa utulivu, kama mtu anavyochukia kufuli. Akilala alimwona mama yake amelala ubavu, akitazama mlango. Akiamka alisema “Shikamoo, Mama,” akaitikiwa “Marahaba, ndoo hiyo hapo.”

Jioni Ghalibu akiuliza, hakuwa na la kuficha.

“Tumemwagilia mti,” alisema, na uso wake ulisema hivyo hivyo.

Ukuta ulianguka asubuhi, Ghalibu akiwa dukani. Ulitoa mlio mzito, mfupi, kama gunia lililotuliwa, ukalalia uchochoroni na kuacha pengo pana kama mlango. Mwanne alikuwa amesimama na ndoo mkononi. Vumbi lilipotulia alimwona mbuzi wa mtu upande wa pili, akimtazama.

Hakufikiria pengo. Alifikiria jioni, na swali la jioni. Akaitupa ndoo, akakimbilia barazani.

“Mama, nisamehe. Nimeuangusha ukuta. Maji yalikuwa mengi.”

Kigoda kilikuwa kitupu. Bibi Semeni alitoka chumbani amevaa viatu ambavyo Mwanne hakuwahi kuviona miguuni mwake, na mkononi alishika mabuibui mawili.

“Umechelewa,” alisema. “Mimi nilitarajia uanguke mwezi uliopita.”

Akamtupia moja, akavaa la pili, akakanyaga tope na kutangulia kutoka.