Mbuzi Aliyekwenda Igowole

Mbuzi wa zawadi alikwenda tena tawi la Igowole. Ilomba waliambulia msonyo.

"Igowole mia kwa mia!" alifoka Mzee Kalinga, mkurugenzi wa kampuni ya maparachichi. "Nyie Ilomba mmekwama arobaini na tatu. Nikija Ijumaa niwakute hapo hapo, nafunga tawi."

Mbuke, fundi wa kompyuta wa tawi la Ilomba, hakuyaelewa hayo. Ilomba waliuza kuliko Igowole, hata madereva wa malori walijua. Hao wahasibu wa makao makuu Iringa asilimia zao walizitoa wapi? Lakini nani amuulize Mzee Kalinga? Aliyembishia mwaka jana sasa anakaanga chipsi Mafinga.

Dawa ilikuwa moja: Mzee aione ripoti ya mauzo kwa macho yake. Igowole mauzo yao kiduchu, ripoti yao ilifunguka mtandaoni kabla hujameza mate. Ya Ilomba ilikuwa na mizigo chungu nzima ya kujumlisha. Mzee aliitolea macho, akachoka, akafunga kompyuta kabla ripoti haijafunguka.

"Tujumlishe kila kreti linapopimwa," alishauri Rabson wa mizani.

"Mizani itakuwa inasubiri kompyuta. Foleni ya malori itafika Uyole, kaka," alijibu Mbuke.

"Basi tufanyeje?"

"Tujumlishe yote alfajiri, kama mama lishe. Mteja akija, chakula kimeshaiva, ni kupakua tu."

"Mauzo ya asubuhi hiyo je?"

"Hayatakuwemo. Ya jana yanatosha kumnyamazisha."

Rabson alikuna kichwa. "Na ule mstari wa kijani unaojaa kwenye skrini tukisubiri ripoti? Si tuutoe, dada? Hautakuwa na kazi."

"Uache tu. Unamdhuru nani?"

Ijumaa Mzee Kalinga aliingia amenuna. "Kamwene," wakamwamkia. Aliitikia kwa pua, akakaa. Moyoni Mbuke alishajiona amerudi Usangu kwa baba yake, fimbo mkononi, nyuma ya ng'ombe.

Mzee akabonyeza. Mstari wa kijani ukajaa kufumba na kufumbua.

Mzee Kalinga akaruka kutoka kitini. Akamkumbatia Mbuke, akamkumbatia Rabson, akafuta machozi kwa tai.

"Binti yangu! Wiki iliyopita mliishia hapa," alisema, akigusa katikati ya ule mstari wa kijani. "Mmeuzaje maparachichi yote haya kwa siku chache?"

Kisha akafunga kompyuta bila kuisoma ripoti, akatoka kwenda kumshusha mbuzi wa zawadi garini.