Wekundu wa Jumamosi

“Jua kali leo!” alitangaza Sattar kutoka barazani, macho yamebaki kwenye simu. Mbodze akashukuru, akalibeba jiko lake la mahamri na kulisogeza chini ya paa.

Sattar alimwonea huruma. Maskini, ngozi yake haivumilii joto.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Sattar, muuza sufuria wa Mji wa Kale, alisema dalili ya mvua ni simu. Tangu aipate ile ramani ya hali ya hewa, hakuangalia juu tena. Nyekundu ni jua, maana moto ni mwekundu. Nyeupe ni mvua, maana mawingu ni meupe. Kuna nini hapo cha kumshinda mtu aliyeongoza darasa kwa jiografia? Pembeni palikuwa na kisanduku cha maelezo ya rangi, lakini hicho hakukigusa. Kiliwekwa kwa ajili ya wajinga.

Mvua ikinyesha siku ya jua lake, alisema imepotea njia. Hata hivyo mtaa ulimheshimu. Dzoro, dobi, hakupita asubuhi bila kusimama.

“Sabalkheri, Bwana Sattar. Mbinguni kwasemaje?”

“Mvua, Dzoro. Tena si ya mchezo.”

“Mungu akuweke,” hujibu Dzoro, kisha huyo, mbio kuanika mashuka ya watu. Sattar alicheka peke yake. Bila shaka anataka yakauke kabla mvua haijafika.

Basi Duaa, binti yake wa pekee, akapata mchumba. Karamu ya harusi ikapangwa Jumamosi alasiri. Hussaina, mkewe, alitamani wageni wakae uani, penye hewa na taa alizozitundika kwa mkono wake. Ikiwa ni mvua, basi ukumbi wa jirani. Wakwe wenyewe walikuwa watu wa kutia kila kitu dosari.

“Baba Duaa, nangoja neno lako,” alimwambia mumewe. “Ukishasema, mimi najua la kufanya.”

Kichwa kilimvimba Sattar. Kisha woga ukamwingia, kwani harusi ya mwana si mchezo. Ijumaa, baada ya swala, akajifungia stoo, akakifungua kile kisanduku cha maelezo simuni.

Nyekundu: mvua kubwa. Nyeupe: hakuna mvua.

Alikaa juu ya sufuria iliyopinduliwa, masikio yakimwaka. Miaka yote hiyo alikuwa akiwasomea watu kinyume! Mtaa mzima umelowa kwa sababu yake, na hakuna hata mmoja aliyemlaumu. Hizo ndizo adabu za watu wa Mombasa. Alitaka kulia kwa haya, na kwa mapenzi pia. Akaapa kwamba hatamwambia mtu, ila kuanzia sasa atawasomea sawasawa. Angalau karamu ya mwanawe ataiokoa.

Jumamosi asubuhi, ramani ya alasiri ilikuwa nyekundu kama achari. Sattar akasimama barazani, akasafisha koo.

“Mvua! Mvua kubwa! Alasiri hii hii!”

“Alhamdulillahi!” alisema Hussaina, mkono kifuani. Mbodze akapiga kigelegele. Dzoro akamshika Sattar mkono, akautikisa mpaka ukauma.

Wamefurahi kuonywa mapema, aliwaza Sattar. Akaenda Feri kuwapokea wakwe wanaovuka kutoka Likoni, na roho yake imetulia kabisa.

Mvua ilishuka wakiwa bado njiani ndani ya tuktuk. Wakwe wakaanza kuguna. Sattar alijipangusa uso na kutabasamu. Hakuwahi kuwa sahihi namna hii tangu azaliwe.

“Msiwe na wasiwasi,” akawaambia. “Nyumbani wana habari tangu asubuhi.”

Walipofika, mlango wa ukumbi wa jirani ulikuwa na kufuli. Uani, biriani ilikuwa inaelea. Mazulia, mito, mashuka meupe ya Dzoro yaliyotandikwa mezani, vyote vimelowa chapachapa, na wageni wamejibanza ukutani. Duaa alikuwa amejifunika sinia kichwani, analia.

“Hussaina!” Sattar alipiga kelele. “Si nilisema mvua?”

Mkewe alimtazama, wanja ukimtiririka mashavuni.

“Ulisema, Baba Duaa. Na miaka yote hii hujatuangusha hata siku moja. Ndiyo maana tukaandaa nje.”