Saksafoni ya Mama Kabula

Zama hizo mchoro wa marehemu haukukaa ukutani bure. Kila wiki ulitaka upigiwe jazi mpya, ya kubuni papo hapo mbele yake. Ukirudia hata kipande, rangi zinaanza kufutika. Kabula alichorwa akicheka, mikono juu. Mama yake, Nyamizi, alishampulizia saksafoni mpaka akaishiwa vipande vipya, na leo miguu ya mtoto ilikuwa haionekani.

"Mama Kabula, piga chochote!" mumewe alilia.

"Kimebaki kimoja tu. Niliapa sitakipiga."

Akafumba macho, akapuliza kile kikohozi cha Kabula cha siku yake ya mwisho, kikavu, cha kukatikakatika.

"Miguu imerudi!" mumewe akashangilia.

Nyamizi akafumbua macho. Mikono ya Kabula ilikuwa imeshuka, imeshika kifua.